Neno Alilosomewa Mwalimu Urbano

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Kibiti, ndugu mliosafiri kutoka Mahenge, na wenzetu mliopanda boti alfajiri kutoka Mbwera, poleni na msiba. Mimi ni Belinda, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu. Kamati ya mazishi ilinipa ukurasa mmoja na dakika tano. Nimezidisha vyote viwili, na aliyechapa ratiba aliponiuliza apunguze wapi, nilimwambia asipunguze hata mstari. Baba yangu alisomewa mambo yaliyopunguzwa maisha yake yote. Leo nitawaeleza la mwisho lilivyokuwa, kwa sababu humu msibani kuna watu wanaomzika wakiamini kwamba aliwauza.

Marehemu Mwalimu Urbano Kasiani Ngatunga alizaliwa tarehe 25 Mei 1966 huko Mahenge, wilaya ya Ulanga, mkoani Morogoro, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Kasiani Ngatunga na Mama Skolastika. Tarehe hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Urbano, kwa hiyo jina halikutafutwa. Alizaliwa anaona. Mwaka 1971 surua ilipita kijijini kwao, ikamchukua mdogo wake na ikamwachia yeye uhai bila macho. Alikuwa akituambia kuwa kitu cha mwisho anachokikumbuka kwa kuona ni kanga ya mama yake yenye maua mekundu. Kisha anaongeza kwamba huenda yalikuwa ya njano, ila aliyeijua kanga ile ameshafariki na yeye hana sababu ya kubadilisha.

Alianza shule akiwa na miaka minane, Januari 1975, katika shule ya bweni ya wasioona mkoani Dodoma, na nukta nundu alizielewa kabla muhula haujaisha. Barua za nyumbani ziliandikwa kwa kalamu, hivyo alizisoma mwalimu wa zamu. Mwezi Agosti 1979 ilifika barua ya mjomba wake. Mwalimu akamsomea: mpunga tumevuna, dada yako ameposwa, wote wanakusalimu. Desemba marehemu alifika nyumbani likizo na kikapu alichomsukia baba yake, akauliza baba yuko wapi. Baba alikuwa kaburini tangu Julai. Mstari ule mwalimu aliuruka kwa huruma, mtoto asije akashindwa mtihani. Marehemu hakuwahi kumchukia mwalimu yule, lakini tangu hapo kila aliyetaka kumsomea kitu aliambiwa kwanza, "Usinionee huruma, nisomee." Aliendelea na sekondari mwaka 1982 hadi 1985, na akahitimu cheti cha ualimu mwaka 1988.

Januari 1989 alipangiwa kufundisha shule ya msingi huko Mohoro. Wazazi wengine walikuja kuchungulia dirishani waone asiyeona ataandikaje ubaoni. Hakuandika. Aliwaita watoto mmoja mmoja waandike wao, na aliyekosea alimjua kwa kicheko cha darasa. Mwaka huohuo alifahamiana na Swalehe Mtoro, Mndengereko wa Mbwera, ambaye wakati huo alikuwa karani kijana. Walianza kutaniana siku ya kwanza, wakaitana mtani, na Swalehe akawa msomaji wake. Alimsomea magazeti, barua za kazi na maelezo ya dawa. Mwaka 1993 alimsomea barua ya uhamisho: mwalimu anatakiwa Ngarambe ndani ya siku saba, na aje na kengele yake ya kufukuzia tembo. Marehemu alikuwa ameshakunja godoro ndipo Swalehe akaangua kicheko, kumbe hakuna uhamisho wowote. Hadithi hiyo tumesimuliwa kila Krismasi na kila Idi, maana sikukuu zote tulikula sinia moja na watu wa Swalehe.

Mwaka 1994 aliletwa Mohoro muuguzi kutoka Ifakara, Bernadeta, ambaye ndiye mama yetu. Barua zake kwa marehemu zilipitia mdomoni mwa Swalehe, na Swalehe alizisoma kwa madaha, akinyanyua sauti pale palipotakiwa kunong'onwa. Baada ya barua ya tatu mama aligundua kuwa hata muuza samaki anamwita kwa jina alilomwandikia mchumba wake peke yake. Akamfuata marehemu akamwambia, "Nifundishe hizo nukta zako. Nataka maneno yangu yafike bila dalali." Alijifunza kwa miezi miwili. Walifunga ndoa takatifu tarehe 12 Oktoba 1996, na Swalehe ndiye aliyesimamia mapishi. Walijaliwa watoto wawili, Richard na mimi.

Mwaka 2004 marehemu alihamia hapa Kibiti, kufundisha watoto wenye mahitaji maalumu. Mwaka 2015 alipata simu yenye programu inayosoma maandishi kwa sauti. Sauti yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili ilikitafuna vibaya sana. Jirani yetu Bi Sihaba alipoisikia ikisoma ujumbe wa kuamkiana, aliuliza, "Mwalimu, huyu mgeni wako kala nini, mbona ulimi wamjaa kinywani?" Tangu siku hiyo simu ikaitwa Mgeni, na watoto wa mtaani walikuja kuamkia, "Mgeni kaamkaje leo?" Lakini marehemu alikuwa hacheki sana. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni alikuwa anasoma ujumbe wake mwenyewe, kwa wakati wake, bila mtu wa kati, na aliona wenzake wote wanastahili hivyo.

Ndipo alipoanzisha Umoja wa Wasioona wa Delta, ambao ulifikisha wanachama arobaini na watatu. Miaka hiyo huduma nyingi zilikuwa zinahamia kwenye simu na mtandao, na kila iliyohamia iliwaacha nje. Mara utaambiwa uandike herufi zilizopindishwa kwenye picha ili kuthibitisha wewe si mashine. Mara kitufe hakina jina, programu inasema "kitufe, kitufe, kitufe" hadi unachoka. Dada Sikujua wa Mbwera, ambaye yupo hapa leo na ameniruhusu niliseme, alitumiwa majibu yake ya kliniki kama picha. Simu yake ikanyamaza. Akaenda dukani akasomewe, na muuza duka akamsomea mbele ya wateja. Kufika jioni, majibu yalikuwa yameshavuka mto.

Kisa hicho marehemu alikiandika na kukipeleka kila ofisi iliyokuwa na mlango. Mwaka 2020 taasisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, ilimwita kwenye kikosi kazi cha kuandika mwongozo wa huduma za mtandaoni kwa watu wenye ulemavu. Swalehe, ambaye wakati huo alikuwa ofisa wa taasisi hiyo, akateuliwa katibu. Tulifurahi nyumbani kupita kiasi. Tulisema, sasa baba ana mtu wake ndani.

Kwa miaka mitatu marehemu alihudhuria vikao na kupigania kifungu kimoja, cha saba. Kilisema kwamba kila huduma ya umma ya mtandaoni lazima ijaribiwe na watumiaji wenye ulemavu kabla haijafunguliwa. Wakubwa walilitaka neno "lazima" liondoke. Ofisa mmoja alimwambia kikaoni, "Mwalimu, tuweke 'inapowezekana', maana yake ni ileile." Marehemu akamjibu, "Ndugu yangu, hiyo 'inapowezekana' nimeishi nayo tangu nina miaka mitano. Shule nitapelekwa inapowezekana. Kitabu nitapata inapowezekana. Kama maana ni ileile, basi acha la kwangu." Kila alipotoka kikaoni aliwarekodia wanachama ujumbe wa sauti, na kila mara alimaliza kwa kusema, "Lazima yetu bado ipo."

Jumanne tarehe 19 Septemba 2023, saa nane mchana, Swalehe alikuja nyumbani na rasimu ya mwisho. Ilikuwa ya karatasi, kurasa thelathini na moja. Marehemu aliuliza kwa nini hakutumiwa faili ambalo simu yake ingelisoma. Swalehe alisema faili bado linapangwa na saini zinatakiwa kesho yake. Tafakarini wenyewe: mwongozo wa kuwawezesha wasioona kusoma, na mjumbe pekee asiyeona analetewa karatasi. Marehemu alilalamika, kisha akasema, "Haya, usinionee huruma, nisomee." Swalehe akasoma kwa saa mbili. Mama alikuwa barazani hapohapo akipepeta mchele. Kilipofika kifungu cha saba marehemu alisema, "Rudia." Swalehe akarudia, "lazima ijaribiwe." Marehemu akasema, "Rudia tena, leo sina haraka." Akasoma tena, "lazima ijaribiwe." Mama alisikia mara zote tatu. Yupo hapa mbele yenu, na nimemwomba ruhusa ya kumtaja kuwa shahidi. Baada ya hapo marehemu alitia dole gumba, na mama akaleta chai.

Mwongozo ulizinduliwa Februari 2024. Uliwekwa kwenye tovuti ukiwa umepigwa picha, ukurasa baada ya ukurasa, na Mgeni alipoufungua alisema "picha" mara thelathini na moja. Marehemu alimpigia Swalehe. Swalehe alisema watarekebisha. Akampigia tena Machi, na Aprili, na Mei. Wanachama waliuliza kama kifungu kipo, naye aliwajibu kwa moyo mmoja kuwa kipo, alikisikia kwa masikio yake.

Jumamosi tarehe 13 Julai 2024 nilikuwa nimerudi kutoka chuoni, nikauchapisha nikamsomea. Nilipofika kifungu cha saba nilisoma, "inapowezekana ijaribiwe." Baba alisema, "Umeruka mstari." Nikarudia. Akasema, "Belinda, huo ni ukurasa mwingine." Nikarudia mara ya tatu. Akauliza, "Neno hilo linaanza na herufi gani?" Nikasema, "I." Halafu akasema, "Nipe hiyo karatasi," akaweka kiganja juu yake, karatasi laini isiyo na nukta hata moja, akaipapasa kutoka juu hadi chini. Sikuwahi kumwona baba yangu akipapasa karatasi ya wenye macho, na ninaomba nisione tena mtu mwingine akifanya hivyo.

Swalehe aliitwa, akaja siku ya pili. Hakukana. Nilikuwepo, nayaandika maneno yake kama alivyoyasema. "Mtani, ningekusomea ilivyo, ungegoma weye. Nawe ukigoma, jambo lote lafa, miaka mitatu yaenda bure. Nkaona bora tupate nusu."

Baba akamuuliza, "Nusu ya nani?"

"Ya sote, mtani. Miye nilikuwa nawapigania ndani kwa ndani."

"Kugoma kulikuwa kwangu, Swalehe. Ungenisomea, nikagoma mwenyewe, au nikakubali mwenyewe. Wewe umenichukulia hata kukataa kwangu."

Swalehe akasema, "Nilikuonea huruma." Baba alisimama, akaenda ndani bila fimbo, akajigonga kwenye mlango wake mwenyewe ambao ameujua miaka ishirini.

Sasa nafika kwenu, wanachama wa Umoja. Tarehe 24 Agosti 2024 mlikutana Mohoro. Mlikuwa mmeshaambiwa na wenye macho kwamba neno limebadilika na kwamba dole la mwenyekiti wenu limo ukurasa wa mwisho. Dada Sikujua aliuliza kwa niaba yenu.

"Mwalimu, hilo dole la nani?"

"Langu."

"Walikushika mkono kwa nguvu?"

"Hawakunishika."

"Basi umetuuza," akasema dada Sikujua, na marehemu hakujitetea. Alijivua uenyekiti palepale. Mliondoka bila kumuaga, na mliosafiri naye kwenda mlimwacha akirudi na mimi.

Njiani nilimuuliza kwa nini hakusema. Nilikuwa nimekasirika, na nikiwa mkweli bado nimekasirika. Alinijibu, "Nikisema nilidanganywa kwa sababu sikuweza kusoma, kesho watasema ndiyo maana wasioona hawafai kukaa kwenye vikao. Watamweka mwenye macho atuwakilishe. Bora mimi nionekane mbaya kuliko sisi sote tuonekane hatufai." Akanikataza nisimwambie mtu. Nilimtii akiwa hai. Leo simtii, na yeye akitaka kunigombeza tutaonana huko mbele. Asiyefaa kukaa kwenye kikao ni aliyesoma kisichoandikwa. Aliyesikiliza mara tatu alifaa, na nilitaka mlisikie hilo kutoka kwa mtu wa nyumbani kwake.

Kuna watakaosema msiba si mahali pake. Baba mdogo Swalehe, nimekuita hivyo tangu nianze kusema, na ndiwe uliyenifundisha kuogelea kwenye mkono wa mto kule kwenu. Mtu baki angetuudhi tu, tukamsahau. Wewe umetusaliti, na tofauti hiyo nimeijua mwaka jana. Haya ya sasa hayamo kwenye karatasi: jana ulinipigia simu ukasema, "Mwanangu, miye ndiye msomaji wake, miaka thelathini na minne. Niachie nimsomee mara ya mwisho." Nilikujibu kwamba msomaji ameshapatikana. Nimekuona tangu asubuhi ukibeba viti vya wageni na hujakaa. Kwa viti, ahsante.

Marehemu aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2019, na mwishoni mwa 2024 figo zikaanza kushindwa kazi. Mama alimuuguza nyumbani kwa ujuzi wake wote, na madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa walimhudumia kwa upendo, tunawashukuru sana. Katika miezi hiyo simu yake ilikuwa haiiti. Mtu aliyekuwa akipokea ujumbe wa sauti arobaini kwa siku alikuwa anamuuliza mama kama mtandao upo. Mtandao ulikuwepo. Mama alikuwa anatoka nje, anampigia kwa simu yake, ili tu isikike ikiita, na baba alimjibu kwa heshima zote kama hajui ni nani. Alipokea Sakramenti ya Wagonjwa tarehe 6 Septemba, na Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Marehemu ameacha mjane, Mama Bernadeta. Watoto wawili, Richard na Belinda. Mjukuu mmoja, Elinipendo. Kaka mmoja na dada wawili. Wanafunzi wa miaka thelathini na sita wa Mohoro na Kibiti. Na wanachama arobaini na watatu wa Umoja wa Wasioona wa Delta, ambao hakuwauza.

Wasifu huu haukuchapwa kwa wino tu. Wanafunzi wake wa Kibiti wamefanya kazi siku mbili kuuandika kwa nukta nundu, na kila mwanachama aliyefika amepewa nakala kabla sijafungua mdomo. Wenzangu, nimeona vidole vyenu vikinifuata. Dada Sikujua, kifungu cha saba kiko ukurasa wa tano, na maneno yote mawili yamo, lililosomwa na lililoandikwa. Kama kuna mahali nimeruka, nimeongeza, au nimelainisha kwa huruma, nyoosha mkono unikatize sasa hivi, kabla jeneza halijateremshwa. Nanyamaza hapa, nangoja mmalize kusoma.

Mkimaliza bila kunikatiza, tumzike Mwalimu Urbano. Mungu ampe pumziko lenye amani.